Buti Jipya kwa Mguu Usiosikia

Kriii. Kriii. Majirani bado wamejifunika, na dirisha halijaanza kupauka, lakini ndani ya chumba hiki chenye pazia katikati kuna kitu kinatembea huku kikilia kama mlango uliokosa mafuta.

Ni mabuti mapya. Ndani yake imo miguu ya mama wa miaka hamsini na minne, aliyejifunga kitenge juu ya gauni la kulalia, mkono mmoja ukishika ukuta. Anatoka mlangoni hadi kitandani, anageuka, anarudi. Birika liko juu ya jiko la mafuta ya taa. Likichemka atavua. Hayo ndiyo makubaliano.

"Polepole, Mama," anasema binti yake, aliyeketi kwenye kigoda na taulo magotini. "Usikanyage kwa hasira."

"Hasira na viatu ninayo wapi, mwanangu? Mimi navihofia tu."

Kazini wanamwita Mama Lango. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mlinzi wa lango la ghala la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo malori huingia matupu na kutoka yameinama kwa mabati, nondo na mifuko ya saruji. Yeye ndiye anayefungua, anayehesabu, anayefunga. Madereva wanamjua. Wapo wanaompigia honi mara mbili, kumsalimu, kabla hawajafika kwenye kona.

Miaka yote hiyo amefanya kazi hiyo akiwa amevaa raba za kitambaa, pana, zilizolegea kama soksi. Sasa mwajiri ametoa agizo. Kuanzia kesho Jumatatu, hakuna mlinzi wala mpakizi atakayekanyaga ndani ya lango bila buti la ngozi lenye kikombe cha chuma kwenye vidole.

Mama Lango halaumu agizo hilo. Alikuwapo siku bati lilipoteleza mikononi mwa watu na kumwangukia mpakizi mmoja mguuni. "Nilimshika kichwa nikampepea kwa kofia yangu," anamwambia mgeni aliyekuja kumhoji alfajiri hii. "Alikuwa amevaa ndala. Kwa hiyo wanaosema bosi anatutesa kwa mabuti, mimi simo."

Shida yake ni nyingine, na hadi jana hakuna mtu pale kazini aliyeijua.

Ana kisukari. Kimemkalia muda mrefu, na taratibu kimeuchukua mguu wake wa kushoto. Mguu upo, unatembea, unabeba mwili kama kawaida, ila unyayo na vidole vimeingia ganzi. Mwaka juzi alikanyaga kijiti cha kiberiti kikiwa bado na moto, akanusa harufu ndipo akajua.

Muuguzi wa zahanati aliketi naye siku hiyo kwa muda mrefu kuliko foleni ilivyoruhusu. Alimwambia kwamba kwa mtu kama yeye, lengelenge dogo la kiatu linaweza kugeuka kidonda, na kidonda kikamla mguu kimyakimya. Akamtajia watu waliokatwa.

"Wahenga wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," anasema Mama Lango, akigeuka tena penye kitanda. "Mimi kitanda nakilalia, na kunguni siwajui. Buti linaweza kuninyofoa nyama nikawa nacheka na watu pale langoni."

Kila mwenye kuvaa buti jipya huongozwa na maumivu. Kisigino kikilia, unavua. Kidole kikibanwa, unalegeza kamba. Yeye hana kiongozi huyo, na ngozi ya buti hili ni nene na kavu. Ukiligonga kwa ukucha linalia kama ubao.

Mabuti yalipogawiwa, kila mtu kazini aligeuka fundi. Mmoja alisema yajazwe maji usiku kucha. Mwingine alisema yapigwe kwa jiwe. Mlinzi mwenzake wa zamu ya usiku, mwanamume mcheshi wanayemwita Kamanda, aliyalowesha ya kwake kwenye ndoo kisha akayaweka kando ya jiko la mkaa yakauke haraka.

"Yalitoka kama mkate wa juzi," Kamanda anasimulia mwenyewe, akijicheka. "Magumu, yamepasuka, na yamepungua. Sasa natembea kama nimeazima miguu ya mtu."

Hiyo haikumzuia kumcheka mwenzake. Alipomwona Mama Lango akiyajaribu nyuma ya kibanda cha walinzi, alipaza sauti: "Dada, unatembea kama bata aliyefundishwa gwaride!"

"Bata anataga," Mama Lango alimjibu. "Wewe unataga nini?"

Kesho yake Kamanda alimletea soksi mbili za sufi, nene, zilizofuliwa na kukunjwa vizuri. Alisema zinambana, ingawa soksi zenyewe zingemtosha tembo. Mama Lango alizipokea bila kubisha.

Wazo la kwanza lilikuwa la binti. Yeye ni mshonaji katika karakana ya sare za shule, na mguu wake una kipimo kilekile cha mama yake. Akasema, "Mama, nivae mimi. Mimi nasikia. Pakiniuma nitapaonyesha, Fundi apalainishe."

Fundi ni mzee wa makamo anayeshona viatu chini ya ngazi ya jengo la jirani, mahali pembamba kiasi kwamba akinyoosha miguu, wapita njia humruka. Alikubali. Binti akawa anavaa mabuti ya mama yake jioni, akizunguka ua huku akiuma midomo. Palipomuuma alipiga alama ya chaki. Fundi akapaka mafuta ya mgando, akapakunja kwa vidole, akapagonga kwa mpini wa nyundo aliouviringishia kitambaa.

Kisigino kikalainika. Ulimi wa buti ukakubali kulala. Binti alipata malengelenge mawili akayaona kama nishani. Ndani ya nyumba wakaanza kulala usingizi.

Kisha Mama Lango akavaa mwenyewe, akaenda hadi dukani na kurudi.

Ngozi yao nyeusi huficha wekundu, lakini haifichi joto. Hilo pia walifundishwa na yule muuguzi: usitazame tu, gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha mguu na mguu. Joto likibaki hata baada ya kupumzika, hapo pana kidonda kinachotafuta mlango.

Binti aliweka mgongo wa mkono wake pembeni mwa mguu wa kushoto wa mama yake, kwenye kifundo cha kidole gumba, mahali mfupa ulipotokeza kwa umri. Palikuwa pa moto kama birika.

"Mimi sina mfupa huo," anasema sasa, na sauti yake inapungua. "Mguu wangu umenyooka. Nilijiuma midomo wiki nzima, kumbe pale penyewe buti halikuwahi kunigusa. Nililia, Mama akawa ndiye ananibembeleza."

Kwa siku tatu Mama Lango hakuvaa buti lolote. Ngozi ilikuwa nzima, haikupasuka, lakini joto lile lilikataa kuondoka upesi. Usiku binti alikuwa akiinuka kimyakimya, anakuja upande wa pili wa pazia, anagusa mguu wa mama yake, anarudi kulala. Mama alikuwa macho kila mara. Hakumwambia.

Walipompelekea Fundi habari hiyo, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Kosa ni letu sote, na mimi ndiye mkubwa wenu," alisema. "Mguu hauazimwi. Kila mguu una ukoo wake."

Akaomba soksi nyeupe. Akasaga kipande cha mkaa, akapaka unga wake ndani ya buti, akamwambia Mama Lango avae na asimame tu, asitembee, huku binti akimshika kiwiko. Buti lilipovuliwa, soksi ilikuwa na vumbi jepesi kila mahali, na pembeni mwa kidole gumba palikuwa na doa jeusi tititi.

"Haya," Fundi akasema. "Wewe husikii, lakini soksi imesema."

Pale doa lilipokuwa, buti lina ukingo wa kile kikombe cha chuma. Chuma, Fundi akaeleza, hakisikii maneno. Ngozi husikia. Akachukua kalibu, ule mguu wa mti ambao mafundi huutumbukiza kiatuni, akaubandika kipande cha ngozi mfano wa mfupa wa Mama Lango, akalainisha mahali pale kwa kitambaa chenye maji vuguvugu na mafuta, akalisukumia kalibu ndani. Buti likalala hivyo hadi asubuhi. Akarudia. Mwisho akakata kipande cha sponji chembamba, akakitoboa katikati, akakigandisha ndani ili ukingo wa chuma usiufikie mfupa.

Alipoulizwa ujira, alisema watazungumza mguu ukipona. Mama Lango alimwambia mguu hauumwi. "Basi hatuna la kuzungumza," Fundi akajibu, akarudi kwenye soli aliyokuwa akiishona.

Bado lilibaki jambo moja ambalo hakuna fundi wa kulilainisha. Buti linaweza kuwa jema asubuhi na kuwa adui mchana, miguu inapovimba kwa kusimama. Mama Lango angehitaji kuketi, kuvua na kuguswa mguu katikati ya zamu. Hilo halifanyiki kwa siri mbele ya lango la malori. Ilibidi amwambie msimamizi.

Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na mizizi. Mlinzi mmoja aliwahi kusema mgongo unamsumbua. Akaambiwa apumzike nyumbani, ataitwa. Hadi leo anapumzika. Na kodi ya chumba hiki, unga na dawa, vyote vinatoka pale langoni. Mshahara wa binti hujaza mapengo tu.

Walibishana. Binti alimuuliza, "Mama, unachagua kazi au mguu?"

"Bila kazi, mguu utanipeleka wapi?"

"Na bila mguu, kazi utaifuata na nini?"

Mama Lango akavuta sahani ya ugali. Wakala.

Jana Jumamosi, baada ya zamu, Mama Lango alibisha kwenye mlango wa msimamizi. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, yakampotea yote, akasema tu: "Bosi, nina kisukari. Mguu wangu wa kushoto hausikii. Mabuti nitavaa, lakini mchana naomba nikae nivue, niangaliwe mguu."

Msimamizi aliweka kalamu chini. Akatazama raba za Mama Lango.

"Miaka yote hii kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, Bosi."

"Njoo Jumatatu na mabuti yako. Tutazungumza."

Tangu jana neno hilo limekuwa likizunguka chumbani humu pamoja nao. Tutazungumza. Mama Lango amelipima kila upande kama mtu anayenunua kitambaa gizani.

"Lakini alinivutia kiti," anasema. "Kabla sijatoka, aliinuka akanivutia kiti, akasema nikae kidogo kabla ya kwenda. Mtu anayetaka kukufukuza hakuvutii kiti."

"Kiti ni kiti, Mama," binti anamjibu. "Hata anayefukuzwa huketishwa kwanza."

"Wewe nawe! Hata habari njema lazima uitie shubiri?"

Birika linaanza kuimba, kisha linapuliza. Mama Lango anasimama palepale alipofika, kama aliyeamriwa. Binti anamshika mkono, anamkalisha kitandani, anapiga magoti. Anafungua kamba moja moja, anaupanua ulimi wa buti, anavuta kwa kisigino na si kwa kidole. Soksi ya Kamanda inatoka. Mguu unatoka, mkubwa, umechoka, mfupa wake umejitokeza pembeni.

Binti anauweka kwenye taulo. Anasugua viganja vyake kwanza visiwe na baridi. Kisha anageuza mkono na kugusa kwa mgongo wake. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Wa kulia tena.

"Vipi?" anauliza mama.

"Ngoja."

"Kuna moto?"

"Kidogo. Ngoja, Mama, ndio kwanza tumevua."

Wanangoja. Chai inamiminwa na kuachwa ipoe. Nje mtu anafagia. Mama Lango anatazama uso wa binti yake badala ya kutazama mguu, maana huko ndiko habari itakakotokea kwanza.

Binti anagusa tena, anafumba macho kama anavyofanya akipima uzito wa kitambaa kazini. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko anavyotaka mama yake.

"Iko sawasawa," anasema hatimaye. "Miguu yote miwili. Sawasawa."

Mama anaachia pumzi. Hacheki. Anaujua umbali uliopo kati ya birika moja la maji na siku nzima ya malori. Kesho mkobani ataweka kioo kidogo cha kutazamia unyayo, soksi kavu na ndala za kuvaa kwenye mapumziko. Kamanda, ambaye zamu yake humalizika asubuhi, amesema atasubiri hadi mchana amguse mguu, kwa sharti Mama Lango asije akawaambia watu. Fundi ameahidi kutofunga mapema. Msimamizi hajasema lolote zaidi.

Mpango wake ni mfupi. "Sitaki makubwa. Siku nitakayoliacha lile lango, kwa kustaafu au kwa kufukuzwa, nataka nitoke kwa miguu yangu miwili."

Anaivuta chai, anapuliza, anamtazama mgeni aliyekuja na maswali yake kabla ya mapambazuko.

"Urudi Jumapili ijayo," anasema. "Usinipitie kule kazini, uje hapahapa nyumbani. Na ukifika, usinisalimie usoni. Tazama chini kwanza, uone nilivyo, ndipo unisalimie. Lakini uje."