Bwana Umeona na Kaburi Tupu

Mkuu wa walinzi hakuamini kitu, na usidhani natia chumvi. Ukimwambia asubuhi kwamba nje kuna mvua, alitoa mkono dirishani kwanza. Walinzi wake walimwita Bwana Umeona, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila mtu: umeona? Jina hilo hawakulitaja mbele yake, naye alijifanya halijui, wakaishi kwa amani.

Kazi yake ilikuwa kusimamia ulinzi wa maghala, na utaratibu wa kubadilishana zamu aliuweka mwenyewe. Anayetoka na anayeingia walizunguka pamoja, wakashika kila kufuli kwa mkono, kisha anayetoka akasema alichokiona. Alichokiona, si kingine. Kusema "nimeambiwa" kulikuwa haramu langoni pale. Mlinzi mmoja, jamaa mrefu na mpole, aliwahi kuulizwa habari za mlango wa nyuma akajibu, "Umefungwa, mkuu, nimeambiwa." Mlango ulikutwa umefungwa kweli, kufuli limekaa vizuri, na yule mrefu akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Wenzake walinung'unika. Bwana Umeona hakujali. Kwake ile methali ya "lisemwalo lipo" ilitungwa na mbea kuwafurahisha wambea wenzake.

Basi mtu wa namna hiyo alizaliwa na mama asiyekosa kanisani. Mama huyo sasa alikuwa kitandani kwa binti yake, ugonjwa umemla akabaki macho na sauti, na kwamba haponi kila mtu alijua, yeye wa kwanza. Siku moja alimwita Bwana Umeona, kifungua mimba wake, akamwambia akae karibu.

"Nikizikwa, usome wewe," alisema. "Ile habari ya kaburi kukutwa tupu."

"Mama, mdogo wangu anasoma vizuri kuliko mimi."

"Mdogo wako anasoma chochote, hata karatasi ya sabuni. Nakutaka wewe. Hujawahi kunidanganya, na sitaki uanze nikiwa ndani ya sanduku."

"Na kama siamini?"

"Utajuaje, nawe hujachunguza? Kachunguze kama unavyochunguza wizi, halafu uje uniambie."

Hapo alibanwa. Kumkatalia mama anayekufa hakuweza. Na kusimama mbele ya jeneza kusoma maneno asiyoyaamini kungekuwa kumdanganya mama kwa mara ya kwanza, wakati mama mwenyewe hawezi tena kumkemea.

Alichukua Maandiko ya mama, yale yaliyolegea jalada, akaenda nayo ofisini. Alianza na walinzi wa kaburi, na ungetegemea nini? Eti walisema wao walilala, na wakiwa usingizini wanafunzi wakaja wakaiba mwili. Alicheka peke yake mpaka chai ikamwagika. Visingizio vya walinzi alivijua vyote, na hiki kilikuwa kibovu kupita vyote: kama ulilala, mwizi ulimwonaje? Halafu kicheko kikamkauka. Habari hiyo ya walinzi aliiandika nani? Mfuasi wa huyohuyo marehemu. Tena ni mmoja tu, wenzake watatu walioandika Injili wako kimya. Mtu akikuletea uongo wa adui yake, alizoea kusema, mchunguze na yeye.

Akasogea kwa wanawake. Wao ndio waliofika kaburini kwanza, na enzi hizo neno la mwanamke halikupewa uzito. Hata wanaume wao walipoambiwa waliona ni upuuzi. Anayetunga uongo hachagui shahidi wa kudharauliwa. Tena wafuasi hao wanasimulia wenyewe jinsi walivyotimua mbio, na mkubwa wao akamkana bwana wake mbele ya mjakazi. Katika miaka yote ya langoni hakuwahi kukutana na mwizi aliyetunga hadithi ya kujiaibisha. Hata pale walipopishana, huyu malaika mmoja, yule wawili, hakusumbuka sana, maana walinzi wanaosema neno kwa neno ndio waliokaa pamoja wakapanga. Lakini haya yaliandikwa miaka mingi baadaye, na katika miaka mingi watu hupata nafasi nyingi za kukaa pamoja.

Alimwendea mchungaji. Mchungaji alimkaribisha kiti akamwambia, "Mitume walikufa kwa ajili ya ushahidi huu. Mtu hakubali kufa kwa uongo alioutunga mwenyewe."

"Wote walikufa hivyo? Nani aliona?"

Mchungaji alivua miwani akaifuta kwa shati. "Wachache tuna habari zao za kuaminika. Wengine ni mapokeo."

"Yaani umeambiwa."

"Nimeambiwa," mchungaji alikubali.

Bwana Umeona alimheshimu kwa hilo, akaondoka na shaka lake vilevile. Anayekufa kwa ajili ya neno lake ameonyesha kwamba hasemi uongo. Kwamba hakukosea, hajaonyesha. Aliwahi kuwa na mlinzi aliyeapa kwamba amemwona marehemu kaka yake akikatiza uani. Hakuwa mwongo, alikuwa na majonzi. Lakini je, majonzi huwatokea watu wengi kwa pamoja, wakakaa wakala nayo samaki? Hapo alikwama.

Na aliyemtia shaka kuliko mashahidi wote alikuwa yeye mwenyewe. Aligundua kwamba anataka iwe kweli. Alitaka mama yake naye aje ainuke kaburini. Langoni, mtu mwenye hamu ya jibu fulani hakuruhusiwa kumhoji shahidi, na sasa mwenye hamu alikuwa ndiye mhoji.

Alirudi kwa mama akakaa palepale kitandani.

"Sijawashika na uongo, mama. Ila kesi nimeshindwa kuifunga."

"Unaamini?"

"Sijui."

Mama alicheka kidogo, kifua kikakwaruza. "Ungesema ndiyo upesi, ningemwita mdogo wako asome."

"Kwa hiyo nisome?"

"Tafuta mwenyewe namna ya kusoma bila kunidanganya. Mimi nimechoka, mwanangu."

Alilia njia nzima kurudi kwake, mtu mzima na ndevu zake, na waliomwona walimwona.

Wiki haikuisha mama akafariki. Siku ya mazishi kanisa lilijaa. Walinzi wasiokuwa zamu walikaa nyuma na sare zao, na yule mrefu alikuja pia, na shati la nyumbani. Bwana Umeona alifungua ukurasa.

"Haya nitakayosoma sikuyaona," alisema. "Nimechunguza nilivyoweza, na bado sijamaliza. Nimeambiwa."

Kule nyuma walinzi wakatazamana.

"Nimeambiwa na mama yangu," akaendelea, "na mama yangu hajawahi kunidanganya."

Kisha akasoma mpaka mwisho, neno moja moja, kama anayeshika makufuli.

Watu walipotoka makaburini, yule mrefu alimsogelea akampa mkono. "Pole sana, mkuu."

Bwana Umeona hakuuachia ule mkono. "Mlango wa nyuma, siku ile. Uliambiwa na nani?"

"Na mzee wa zamu ya mchana, aliyenifundisha kazi. Hajawahi kunidanganya."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mkuu."