Sauti ya Binti Mtiifu

Kanuni ya studio ilikuwa moja: sema kilichoandikwa, usiongeze, usipunguze. Mwanamke mmoja aliishika kwa miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti ya Kiswahili katika tamthilia za zamani za kigeni. Wenzake walimwita Kasuku, naye alicheka pamoja nao.

Tamthilia iliyompa umaarufu ni ile ya familia: baba mcheshi, mama jikoni, kaka, na binti ambaye Kasuku ndiye aliyemsemea. Wazazi mitaani waliisifu kuwa safi kwa kuwa haina matusi. Tusi lilikuwemo, ila lilisemwa kwa upole. Kila binti alipojaribu jambo la maana, baba alimpapasa kichwani, watazamaji wasioonekana wakaangua kicheko, na binti akaomba radhi.

Nyumbani Kasuku alikuwa na binti wa kidato cha pili, mtoto aliyewahi kufungua feni mbovu na kuirudisha ikizunguka. Jioni moja alitangaza kwamba keshokutwa wanachagua masomo, na fizikia haimo katika yake.

"Haimo kwa nini?"

"Ni ya wavulana."

"Nani kakudanganya?"

"Wewe. Jana tu kwenye TV: 'Mambo ya waya namwachia kaka.'"

"Ile ni kazi, mwanangu. Si mimi."

"Kwani ile sauti ni ya jirani?"

Kasuku alikwenda jikoni. Akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Akakaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga.

Asubuhi studioni alikuta kipindi ambacho binti wa tamthilia amefufua redio, na baba anampongeza kaka. Binti alipaswa kusema: "Mimi nilishika taa tu, baba." Kasuku aliusoma mstari ule mara mbili, mguu wake ukigonga sakafu. Wakaanza kurekodi.

"Redio nimeitengeneza mimi, baba."

Fundi sauti alivua visikilizio. "Dada, umekosea mstari."

"Sijakosea."

"Makubwa! Leo kasuku kaota meno. Haya, rudia."

Akarudia vilevile. Mkuu wa vipindi akaitwa.

"Dada yangu, sisi tumenunua tamthilia. Maoni yako hatukuyanunua."

"Nyumbani ninaye mmoja anayeyaamini haya, bosi."

"Basi kamwelezee huko huko nyumbani."

Kabla ya adhuhuri alikuwa barabarani na mkoba wake, akitembea haraka bila kujua aendako.

Bintiye alipoambiwa kazi imekwisha, alikuja juu. "Sasa tutakula nini? Si ungesema tu yaishe!" Alinuna hadi kesho yake, siku ya kuchagua masomo, akachagua fizikia bila kumwambia mtu. Mama alizipata habari kwa mwalimu.

Siku hizi Kasuku anapokea simu za malalamiko katika kampuni ya maji. Kipindi kile kilirushwa kwa sauti ya mwingine, na mstari umo kama ulivyoandikwa. Kuvunja kanuni kulimgharimu kazi pekee aliyowahi kuipenda, na hakuna studio iliyomwita tena.