Mali ya Ofisi, Namba 114

Ofisini walimwita Vidole Kumi, maana kwa miaka kumi na tisa alichapa barua bila kuitazama kibodi, huku akimjibu mtu aliyesimama mlangoni. Jumatatu mkuu wa ofisi aliimwagia kibodi hiyo chai ya maziwa, yenye sukari nyingi kama kawaida yake. Nusu ya herufi zikafa papo hapo. Bajeti ya kibodi mpya hakuna, alisema mkuu, lakini siku hizi kuna maarifa.

Maarifa yalikuja na fundi wa kompyuta. Aliweka programu kwenye simu ya Vidole Kumi, simu aliyoinunua mwenyewe, na kioo chake kikageuka kibodi: unagusa huku, herufi zinatokea kule kwenye kompyuta, waya hakuna. Mkuu alipiga makofi. Vidole vinane vikaenda likizo, vikabaki gumba na gumba.

"Ila simu ikiita, inakatika," fundi alionya.

"Basi isiite," alisema mkuu.

Fundi akaizuia isilie wala kuonyesha anayepiga saa za kazi. Kisha akaja mtunza stoo, mtu asiyelala kama kuna kitu ofisini hakina namba, akiwa na daftari lake na stika.

"Kaka, hii ni simu yangu."

"Najua, dada. Inafanya kazi gani?"

"Ya kibodi."

"Basi. Kibodi zote zina namba." Akaibandika mgongoni, akaikandamiza kwa kiganja: MALI YA OFISI, 114.

Siku hiyo Vidole Kumi alicheka. Hasira ilikuwa bado njiani.

Alhamisi mama yake alikuwa aruhusiwe kutoka hospitali, siku ya tano baada ya upasuaji. Muuguzi alisema: daktari akisaini tutakupigia, uje upesi, kitanda kina mwenyewe. Asubuhi alimweleza mkuu.

"Wakipiga utakwenda," alisema mkuu, mtu mwema, kisha akampa ripoti ya kurasa kumi na mbili.

Ripoti iliisha saa nane mchana. Alipoitazama simu kama simu, alikuta imepigwa mara kumi na moja. Mara ya kwanza ilikuwa saa tatu na nusu. Akapiga, muuguzi akampa mgonjwa.

"Nipo benchi la nje, mwanangu," alisema mama. "Usijali. Jua limeshahamia upande wa pili."

Hapo hasira ikafika, tena na mizigo yake yote.

Getini mlinzi alipekua mkoba, akaigeuza simu.

"Mali ya ofisi hii, mama. Kibali kiko wapi?"

"Ni simu yangu."

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Mama yangu yuko juani tangu asubuhi."

"Pole sana. Lakini kibali husaini mkuu, na mkuu ametoka kwenda kula."

Vidole Kumi aliichukua simu mkononi mwa mlinzi, akaichokonoa stika kwa ukucha. Gundi ya stoo ilikuwa nzuri kuliko vitu vyote vya ofisi ile. Stika ikatoka na kipande cha rangi. Akaibandika katikati ya daftari la mlinzi.

"Mali yenu hiyo. Ilindeni."

Mlinzi alitafuta kanuni inayohusu stika isiyo na kitu. Alipoikosa, Vidole Kumi alikuwa ameshavuka barabara.

Mama alikuwa amepakata mfuko wake wa nguo. "Umechelewa kidogo tu," alisema. Binti alifunga mdomo. Yaliyokuwemo hayakuwa ya masikio ya mzazi. Kabla ya kumwinua aliifuta ile programu, kwa kidole gumba kimoja.

Ijumaa mkuu alisimama mbele ya meza yake.

"Kuna barua ya nidhamu ichapwe sasa hivi. Ya kumtaka mtu ajieleze kwa kutoa mali ya ofisi bila kibali."

"Inakwenda kwa nani, bosi?"

"Kwako."

Vidole Kumi alivuta kiti, akanyoosha mgongo, akaweka vidole vyote kumi juu ya meza tupu, pale ilipokuwa kibodi.

"Nisomee taratibu," alisema, akimtazama usoni.