Mbuzi wa Siku Mia

Ukipita Kiamunyi ukaona jengo la ghorofa nne lililozungushiwa mabati, na langoni kuna kibanda cha mbao ambamo mwanamke mwenye helmeti nyeupe ameinamia kitabu, huyo ni Celestine Nanyama. Usimsalimie ukitarajia akuinulie macho papo hapo. Akianza sentensi huimaliza kwanza. Halafu ndipo atakuuliza habari za nyumbani, na hapo jiandae, maana atataka kuzijua zote.

Kazi yake ni kuandika ajali. Mjengo ule una watu arobaini, na kila mmoja ana chake: huyu anachanganya saruji, yule anafunga vyuma, mwingine anapiga plasta. Celestine anaandika nani kajikata, nani kateleza, nani kaangukiwa na nini, saa ngapi, na kwa sababu gani. Kitabu chake kina jalada jekundu na safu alizopiga kwa rula mwenyewe: tarehe, jina, saa, kilichotokea, chanzo, hatua iliyochukuliwa. Chini kabisa kuna nafasi ya sahihi ya injinia. Wapita njia hudhani ni kazi ya kukaa kivulini, na yeye hana muda wa kuwaeleza.

Mkono wa kuandika aliupata kwa baba yake, mzee Wamalwa, aliyekuja kutoka Bungoma akawa mlinzi wa kivuko cha reli upande wa Njoro. Mzee aliandika kila treni iliyopita mbele yake, hata kichwa kitupu kisichovuta behewa. Familia ilikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, na madaftari yake yalijaa chini ya kitanda hadi watoto wakakosa pa kuweka viatu. Siku moja mama yao alimuuliza nani atayasoma hayo yote. Mzee akasema hamjui huyo mtu, lakini siku akija atayakuta.

Basi binti alipoingia mjengoni kama mtunza stoo, na Injinia Kipkirui akaona kwamba mwandiko wake unasomeka na kwamba hakuna awezaye kumharakisha, alikabidhiwa kitabu chekundu. Miezi ya mwanzo kilijaa kama kawaida ya mjengo: vidole vilivyogongwa na nyundo, macho yaliyoingia saruji, mtu kateleza na karai begani. Celestine aliandika pia yale ambayo nusura yatokee. Sitati, msimamizi wa mafundi, mtu wa utani mwingi na sauti ya kusikika hadi barabarani, alimcheka sana kwa hilo.

"Madam, sasa tofali ikianguka ikose mtu pia unaandika?"

"Hiyo ndio naandika ya kwanza," Celestine akamjibu. "Kesho haitakosa."

Sasa sikiliza jinsi mwanamke mwenye akili zake timamu alivyojichimbia shimo. Binti yake, Valarie, alirudi kutoka shule siku moja akiwa amefurahi, kwa sababu mwalimu alikuwa ameahidi zawadi kwa darasa litakalomaliza muhula bila mtu kuchelewa. Celestine alilala na wazo hilo, akaamka nalo. Asubuhi akamwendea Injinia. Tuweke ubao langoni, akasema. Kila siku isiyo na ajali niandike namba kwa chaki. Tukifika mia, tuchinje mbuzi hapa hapa, watu wale, washangilie. Watakuwa waangalifu wenyewe bila kuchungwa.

Injinia alipenda wazo hilo kuliko hata aliyelitoa. Ubao ukapakwa rangi nyeusi, ukatundikwa. Na kweli, kitabu kikatulia. Siku ya kumi, hakuna kitu. Siku ya thelathini, hakuna kitu. Vidole vikaacha kugongwa, macho yakaacha kuingia saruji. Celestine alipiga mstari chini ya kila wiki na kuandika "Shwari" kwa herufi za madaha. Alikuwa na furaha, tena furaha ya kujisifu kidogo, ya kupita mbele ya ubao mara mbili bila shughuli yoyote pale. Sanduku la huduma ya kwanza liliingia vumbi kwenye kifuniko, naye akaliona vumbi lile kama cheti.

Siku ya tisini na tano Injinia alimleta mbuzi mwenyewe kutoka upande wa Salgaa, beberu mweupe mwenye kiburi, akafungwa nyuma ya stoo. Wanaume wakawa wanampelekea majani wakati wa chai. Walikuwa wamekwisha kugawana, nani mbavu, nani kichwa.

Siku ya tisini na saba Celestine aliamka na kichwa kinamgonga. Saa nne akavuka barabara kwenda duka la dawa la Nyakio kutafuta vidonge. Nyakio ni mtu wa maneno mengi, na wameitana kwa majina ya watoto tangu mjengo uanze.

"Mama Valarie, watu wako watanimalizia spiriti! Na bandeji. Kila jioni ni wao tu."

Celestine alikuwa na kidonge tayari mkononi. "Watu wangu gani?"

"Si wa mjengo? Huyu kidole, huyu kiwiko, huyu sijui nini. Na yule mzee wa mguu anaendeleaje?"

"Mzee gani, Mama Kim?"

"Yule mrefu, wa plasta. Alikuja mara mbili hii wiki. Msumari ilimdunga. Nikamwambia, mzee, enda hospitali udungwe sindano ya pepopunda, huo mguu siupendi. Akasema ataenda baada ya mbuzi."

Celestine hakukumbuka kumeza kile kidonge. Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, yeye ambaye huwakemea wenzake kwa hilo, na bodaboda ikampigia honi ndefu.

Mzee mrefu wa plasta alikuwa mmoja tu, Odongo, mwenye miaka hamsini na minane na mkono ambao ukuta wake hauhitaji kuguswa mara mbili. Odongo hakai chini akiwa kazini. Hata chai huinywa amesimama, akikagua kona. Celestine alimkuta ghorofa ya pili akipaka ukuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hapo akakumbuka kwamba hata jana alimwona ameketi, na juzi pia, na akapita zake.

"Mzee Odongo, vua hiyo gambuti."

"Madam Nanyama, habari ya asubuhi."

"Vua, mzee wangu. Tafadhali."

Odongo aliweka mwiko chini polepole. "Imebaki siku tatu tu," akasema. "Acha ziishe. Mimi mwenyewe nitakupa mguu uandike mpaka uchoke."

"Ilikuwa lini?"

"Siku ya tisini na moja. Nilimwagia mafuta ya taa. Inakauka."

Haikuwa ikikauka. Ilibidi wamsaidie wawili kuitoa ile buti ya mpira, na ilipokuwa ikitolewa mzee aliuma kola ya shati. Mguu ulikuwa umefura hadi juu ya kifundo, ngozi imevutika na kung'aa, vidole viwili vimegeuka rangi, na harufu yake ilimfanya Sitati, aliyekuwa amekuja mbio kusikia kulikoni, anyamaze kwa mara ya kwanza tangu Celestine amjue.

"Kwa nini, mzee?" Celestine akauliza. "Ungekuja kwangu tu."

Odongo alimtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza zaidi. "Nikuje kwako uandike? Watu arobaini wamengojea hiyo nyama miezi mitatu. Siku ya tisini na moja mimi ndio niwaharibie? Ningetembea aje hapa?"

Wakambeba hadi kwenye pikapu ya Injinia. Celestine aliingia nyuma pamoja naye, lakini kabla gari halijaondoka aliteremka tena, akaenda langoni, na mbele ya kila mtu akaifuta ile tisini na saba kwa mkono wa sweta. Wanaume wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti kwamba Madam angengoja tu, siku tatu si kitu. Celestine akapanda tena garini. Alikuwa akiogopa kwamba akifungua mdomo atalia, na hakutaka kuwapa kazi ya kumbembeleza.

Hospitali ya mjini iliwapokea upesi. Daktari, msichana mwenye sauti ndogo, alitoka baada ya muda na kusema kwamba mguu utapona, ila vile vidole viwili haviwezi kuokolewa. Akauliza amekaa na kidonda siku ngapi. Sita, Celestine akasema. Daktari akatikisa kichwa, akasema angekuja siku ya kwanza wangemsafisha, wakamdunga sindano, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Hakuwa akimlaumu mtu. Celestine aliingia choo cha wagonjwa, akafungulia maji ya bomba, akalia hadi akatosheka. Kisha akanawa uso akarudi kuketi na mzee.

Asubuhi iliyofuata aliutoa ubao langoni akauegemeza ukutani, uso wake ukitazama ndani. Aliwakusanya watu kabla hawajapanda kazini.

"Leo tunaandika zile mlinificha," akasema. "Hakuna mtu anafukuzwa. Hakuna mtu anaulizwa mbona. Mnaniambia tu, mimi naandika."

Walitazamana. Mbuzi alilia nyuma ya stoo, na hakuna aliyecheka. Halafu Sitati akajitokeza, akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu refu jekundu kuanzia kiwiko.

"Siku ya arobaini na mbili," akasema. "Bati."

Baada yake wakapanga foleni wenyewe. Celestine aliandika hadi saa saba mchana, mkono ukamuuma, akaandika tu. Kulikuwa na mambo thelathini na moja katika siku tisini na saba za shwari. Alipofika la ishirini hivi, akarudisha kurasa nyuma, akasoma tena, akahesabu kwa kidole. Msumari, nyuma ya tangi la maji. Msumari, nyuma ya tangi la maji. Wanaume wanne, kwa nyakati tofauti, walidungwa mahali pamoja, kwenye rundo la mbao zilizobanduliwa kwenye zege lililokauka na kutupwa pale bila kung'olewa misumari. Wote wanne walipona, wakanyamaza. Wa tano alikuwa Odongo.

Aliinuka akaenda kulitazama lile rundo. Lilikuwa mbao thelathini hivi, si zaidi. Watu wawili wenye nyundo waliling'oa misumari yote na kulipanga vizuri kabla chai ya alasiri haijapoa. Celestine alisimama akiwatazama tangu mwanzo hadi mwisho, na alitamani ajizabe kofi.

Injinia Kipkirui alikuja siku ya tatu kutia sahihi, kwa sababu barua ya ajali ya Odongo ilikuwa lazima ipelekwe kwa mkaguzi wa serikali pamoja na nakala ya ukurasa. Alisoma amesimama mlangoni pa kibanda. Jina, tarehe, saa, sawa. Kilichotokea, sawa. Alipofika safu ya chanzo akakwama, akarudia, kisha akavuta kigoda akaketi. Celestine alikuwa ameandika mistari miwili kwa mwandiko ule ule usio na haraka: *Mbao zenye misumari nyuma ya tangi la maji. Mbuzi wa siku mia, wazo la C. Nanyama.*

"Madam, hii siwezi peleka kwa mkaguzi," Injinia akasema. "Ataniona mimi mjinga. Na wewe atakuona mbaya zaidi. Andika msumari, inatosha. Si ni ukweli? Si ni msumari ilimdunga?"

"Ni ukweli."

"Basi futa huo mstari mwingine. Nakuombea wewe. Hii kazi unaihitaji, na sisi tunakuhitaji hapa."

Celestine aliivuta miwani yake hadi kwenye paji la uso. Alifikiria madaftari chini ya kitanda, na yule mtu ambaye baba yake hakumjua, atakayekuja siku moja kusoma.

"Injinia, msumari ilimdunga siku moja," akasema. "Hizo siku sita zingine ni mimi."

Kipkirui aliipitia tena ile mistari miwili kwa kidole. Nje, Sitati alikuwa akimkemea mtu avae helmeti. Kisha Injinia akapapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu, na kabla ya kutia sahihi akaongeza maneno matatu mwishoni mwa ule mstari wa pili: *na langu pia.*