Mashine ya Mguu wa Bibi

Harufu ya plastiki iliyopata joto hunirudisha Soweto, Moshi, kwenye sebule yetu, katika likizo ya Juni nilipokuwa na miaka kumi na moja. Si harufu ya kuungua. Ni ile ya vumbi linalopashwa polepole ndani ya kitu kilichowashwa tangu juzi, na siku hizo ilichanganyika na dawa ya kuchua aliyojipaka Bibi kwenye goti la mguu usioumia, na mtori wa ndizi uliokuwa ukichemka jikoni. Nje kulikuwa na baridi yetu ya Juni, yenye mawingu yanayoufunika mlima wiki nzima hadi mgeni akadhani tunamdanganya kwamba upo. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameletwa kwetu kutoka Marangu baada ya kuteleza kwenye mfereji akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mguu wa kulia ulivunjika, ukafungwa hogo jeupe gumu kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti, na daktari akamwambia akae wiki sita bila kuukanyaga. Habari za mguu hakuziuliza. Aliuliza habari za ng'ombe wake, aliyeachwa kwa jirani ambaye, kwa maoni ya Bibi, alikuwa akikamua kama mtu anayefua soksi. Akawekwa kwenye kochi refu, mguu juu ya stuli, uso ukielekea televisheni, kwa sababu sebule yetu haikuwa na upande mwingine wa kuelekea.

Mashine ililetwa na mjomba Elibariki, kaka yake mama, aliyekuwa akifanya biashara ya nguo Tarakea, mpakani. Alishuka na mizigo yake siku moja akatutolea mashine ya gemu ya kijivu, pedi moja ya kuchezea iliyofungwa selotepu mgongoni, na diski moja tu isiyo na picha wala jina. Akasema ina mwenyewe, na kwamba ataifuata Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Kadi ya kuhifadhia mchezo haikuwepo. Dada yangu Neema alikuwa kidato cha pili, na kwa hiyo alikuwa mtaalamu wa kila kitu. Alinieleza maana yake kwa sauti ya chini, kana kwamba anatangaza msiba: tukizima mashine, kila tulichokifanya kitafutika, na tutaanzia sifuri.

Magemu tuliyoyajua sisi yalikuwa yale ya kibandani, ya kukimbia na kupiga risasi, yanayokwisha kabla hujakaa vizuri. Hili halikuwa hivyo. Kulikuwa na kijana mwenye nywele za njano na upanga wa mbao, aliyetoka kijijini kwake kwenda kulitafuta joka lililolala juu ya mlima wenye theluji. Mlima wenye theluji haukutushangaza, wa kwetu tuliuona dirishani mawingu yakipenda. Kilichonishangaza ni pale kijana alipotoka kwenye lango la kijiji. Nchi ilifunguka mbele yake: mto, daraja, na ng'ambo ya daraja njia tatu zikiingia msituni, wala hakuna mtu aliyetuambia tushike ipi. Muziki ulibadilika ukawa wa filimbi. Nakumbuka mikono ilinitoka jasho katika baridi ile. Mimi ambaye nilikuwa siruhusiwi kwenda peke yangu hata Shirimatunda hapo jirani kwa shangazi, nilikuwa nimepewa nchi nzima niende nitakako.

"Huyo ni mtoto wa nani?" Bibi aliuliza kutoka kwenye kochi.

Tukamwambia ni mtu wa kwenye gemu tu. Jibu hilo halikumtosha. Alitaka kujua ametoka nyumbani na chakula gani, na mama yake anajua? Kisha kijana wetu akaingia kwenye nyumba ya kwanza, akavunja mitungi mitatu iliyokuwa pembeni akaokota dawa za majani zilizokuwa ndani, kwa kuwa ndivyo gemu lilivyotaka, akatoka. Bibi alimwita Mungu kwa Kichagga. "Ruwa! Ameingia nyumba ya watu bila hodi! Na mitungi amevunja! Na yule mzee amekaa pale kwenye kigoda, hata shikamoo hakumpa!" Neema akajaribu kumweleza kwamba yule mzee si mtu, ni picha. Bibi akasema picha au si picha, mbele yake katika nyumba ya mwanawe hakuna mtoto atakayempita mzee kama anapita kisiki. Tukarudi ndani ya ile nyumba. Ukisimama mbele ya mtu na kubonyeza kitufe, maneno yalijitokeza chini ya skrini, na sisi tukakubaliana kwamba huko ndiko kusalimia. Kuanzia siku hiyo tulimsalimia kila mwenye mvi katika nchi ile. Ilituchelewesha sana, na Neema alinung'unika, mpaka tulipofika kwenye mji uliozungushiwa ukuta na lango lake likakataa kufunguka. Tulihangaika asubuhi nzima. Bibi akatukumbusha kwamba kuna kikongwe pale kisimani tuliyemsalimia mara moja tu, jana yake, na leo ni siku nyingine. Tukamsalimia tena. Akatupa ufunguo. Bibi alijinyoosha tu kwenye kochi kama mwenyekiti wa kikao aliyepita bila kupingwa.

Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Mimi wa darasa la tano niliambulia neno moja moja, na Neema alisoma kwa kamusi iliyokatika herufi za mwisho, kwa hiyo neno lolote lililoanzia T kuendelea tulilikisia. Lakini Bibi alitaka kutafsiriwa kila kitu, palepale, na kwa ukamilifu. Nilianza kugundua kwamba sentensi ya maneno manne ilikuwa ikitoka kinywani mwa Neema ikiwa ndefu kama mahubiri. Mlinzi wa daraja alikuwa na mke mgonjwa. Mfua vyuma aligombana na kaka yake kwa ajili ya shamba la urithi. Bibi aliwahurumia wote, na wengine aliwalaumu. Nilipomuuliza Neema jikoni kama hayo yameandikwa, alinijibu, "We Aika, unataka nimwambie Bibi kwamba yule mama wa kwenye gemu amesema 'karibu mjini' basi? Si atauliza kwa nini anatukaribisha?"

Tatizo letu kubwa lilikuwa baba. Alikuwa fundi magari, amewahi kuona gari likiungua kwa waya mmoja, na sheria yake ilikuwa kwamba akirudi jioni asikute kitu kinawaka bila sababu. Kwa hiyo televisheni tuliizima, mashine tukaiacha hai. Tuliifunika kwa kitambaa cha kufuma cha mama, na kile kitaa chake chekundu, kilichopenya kwenye matundu ya kitambaa kama jicho la paka, Bibi mwenyewe alikiziba kwa kusimamisha kitabu chake cha nyimbo. Mashine ilibaki inavuma chini ya kitambaa, mchana na usiku. Baba akiuliza ni nini kinachovuma, Bibi anaanza kukohoa. Hakuwa na kikohozi alipokuja.

Siku ya nane tulikuwa tumefika chini ya mlima wa joka, na ndipo Mwinjilisti wa mtaa wetu alipokuja na akina mama watatu wa kanisa kumwombea Bibi. Tulizima televisheni na kukaa kwa adabu. Mwinjilisti alikuwa amebeba redio kaseti ili Bibi asikie kwaya ya kwao Marangu, lakini betri zilikuwa zimekwisha, akainama kutafuta mahali pa kuchomeka. Mkono wake ukakamata waya wa mashine.

"Mwinjilisti, huo usiuguse!" Bibi alipaza sauti kiasi kwamba mama mmoja alimwaga chai kwenye sahani.

"Kuna nini, Bibi?"

Bibi alitutazama sisi. Akatazama kitambaa. Nilimwona mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata kuhusu idadi ya mayai, akivuta pumzi. "Ni wa mguu," alisema.

Ile sauti ya kuvuma ikasikika sebule nzima. Mwinjilisti akaweka kiganja juu ya kitambaa, akasema, kweli, kina joto. Bibi akajibu kwamba wanasema joto ndilo linaloponya. Basi Mwinjilisti akawaita wote wasogee, akaweka mkono mmoja juu ya hogo na mwingine juu ya mashine, akaomba kwa kirefu Mungu akitumie kifaa hiki cha tiba, aibariki na mikono iliyokitengeneza huko ng'ambo. Neema alijifunika uso kwa mto wa kochi. Watu walidhani analia, hata akina mama wakamsifu kwa kumpenda bibi yake. Mmoja wao, Mama Ndekirwa, alikuwa na magoti mabovu. Aliuliza kifaa kimepatikana wapi, na Bibi akajibu kwa ukweli mtupu kwamba kimetoka Tarakea. Mama Ndekirwa akavuta kiti, akakaa goti likigusa mashine mpaka ibada ilipokwisha, na alipoinuka akatangaza kwamba anasikia tofauti. Kesho yake alirudi. Alikuja na wifi yake.

Unaweza kukisia kilichofuata. Jumapili mama alikwenda ibadani na kurudi akiwa amejua kutoka kwa watu wanne tofauti kwamba nyumbani kwake kuna mashine ya kuponya. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Sisi alitutazama tu, lakini mama mkwe hagombezwi. Akasema kwa upole wa kutisha, "Shikamoo, mama. Mguu unaendeleaje na mashine?" Bibi akatazama dirishani, kule ambako mlima ungeonekana kama mawingu yangeondoka, akaitikia marahaba kwa sauti ya msichana aliyevunja kikombe.

Jumatatu asubuhi Bibi alimtuma Neema amwite Mwinjilisti, akaungama mbele yetu bila kuzungukazunguka: alisema uongo, mashine ni ya mchezo wa watoto, na mmoja wa wachezaji ni yeye mwenyewe. Mwinjilisti aliinamisha kichwa muda mrefu hadi nikaogopa. Alipokiinua alisema uongo umesamehewa, kisha akakohoa kidogo. "Na hicho nilichokiombea, naweza kukiona kinavyofanya kazi?" Tukawasha televisheni. Kijana wetu alikuwa ameshapanda hadi kwenye theluji, na mbele yake palikuwa na pango. Joka lilitoka likajaza skrini nzima. Mwinjilisti alirudi nyuma hatua mbili. Neema alikuwa amelipiga mara tatu, nami nikiwa nimeng'ang'ania shuka la Bibi, pale umeme ulipokatika.

Hata ile sauti ya kuvuma, tuliyoizoea mpaka tukawa hatuisikii, ilinyamaza, na tulisikia kunyamaza kwake. Siku kumi zilikuwa zimekwenda. Mimi nililia waziwazi. Mwinjilisti alisimama katikati ya sebule kama mtu aliyekanyaga kifaranga, akisema hakugusa kitu, na ni kweli hakugusa. Bibi akatukatiza.

"Jumamosi ni lini?"

"Bado siku nne, Bibi," Neema akasema, "baada ya leo."

"Umeme ukirudi tunaanza. Njia si tunaijua? Wazee wote si tunawajua walipo?"

Umeme ulirudi alasiri. Tulicheza kwa nidhamu ya askari. Mama alishajua yote, akamtuliza baba, naye baba akaikagua mashine kwa bisibisi na kuiweka juu ya matofali mawili ipate hewa. Bibi alikumbuka kila kisima na kila kikongwe. Kwenye kochi alinyoosha fimbo yake kuelekea skrini na kuamuru kushoto, kulia, huyo mpe dawa, huyo achana naye ni mwongo. Jumamosi, saa tano asubuhi, mjomba Elibariki alipobisha hodi, tulikuwa mbele ya joka. Aliambiwa akae, akakaa. Vidole vya Neema vilikuwa vimekufa ganzi, vyangu vimechubuka, ndipo Neema akafanya jambo ambalo sijaacha kumheshimu kwalo: alimwekea Bibi pedi mkononi, akamwonyesha kitufe. Bibi alikibonyeza kwa kidole gumba kilichokamua ng'ombe miaka hamsini. Joka likaanguka. Tulipiga kelele hadi majirani wakachungulia ukutani.

Kisha skrini ikawa nyeusi, na majina yakaanza kupanda polepole, majina mengi ya waliolitengeneza gemu.

"Na kijana?" Bibi akauliza. "Mbona hatumwoni anarudi kwao?"

Hakurudi. Gemu lilikuwa limeishia mlimani. Nilimtazama Neema, Neema akatazama skrini, akaanza kusoma. Alisema hao ni watu waliompokea njiani. Huyu ni mjomba wake mkubwa, amekuja na maziwa. Huyu ni jirani. Hawa wawili ni mapacha wa shangazi yake, walizaliwa akiwa safarini. Majina yalikuwa magumu, ya mbali kabisa, na Neema aliyasoma yote, moja baada ya jingine, akimpa kila mmoja ukoo na zawadi aliyobeba, na mjomba Elibariki, aliyejua Kiingereza kuliko sisi sote, hakumkatisha. Jina la mwisho lilisimama peke yake katikati ya skrini. "Huyo ni mama yake," Neema akasema. Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu, akairudisha pedi.

Binti yangu leo ana umri niliokuwa nao wakati ule. Mashine yake hujihifadhia yenyewe kila hatua, umeme ukikatika anaendelea palepale alipoachia, na hucheza na rafiki aliye Mwanza na mwingine aliye Arusha, kila mmoja chumbani kwake na spika masikioni. Sitasema furaha yake ni ndogo. Nimesimama nje ya mlango nikasikia anavyopiga kelele, ni kelele ileile. Lakini mama yangu, ambaye sasa anaishi nasi, alikuwa akikaa sebuleni peke yake ukuta mmoja tu kutoka hapo, wala hakujua mjukuu wake anapigana na nani. Likizo iliyopita niliihamishia mashine sebuleni. Binti alininunia siku mbili. Siku ya tatu nikiwa jikoni nilimsikia mama akiuliza, "Na huyo naye, anakwenda wapi na mvua yote hiyo?" Nilisikia spika zikiwekwa mezani, kochi likalia kwa uzito wa mtu anayesogea, na binti yangu akaanza kumweleza.