Jogoo wa Mnada wa Kanisani

Bado nasikia katekista akigonga meza: "Jogoo huyu, elfu ishirini, mara ya pili." Ulikuwa mnada wa sadaka baada ya misa, Makambako. Wiki nzima nilikuwa nimemfundisha Upendo, mtoto wa kaka yangu, asitaje bei kama hela hana. Sasa kijana mmoja wa kwaya akanitazama, nami nikajiona kama tajiri wa biashara ya mbao.

"Elfu thelathini," nikasema.

Wakapiga makofi, nikakabidhiwa jogoo, hela nitoe baadaye. Upendo akanivuta kitenge.

"Shangazi, si tuna elfu tano tu, ya nauli ya kurudi Njombe?"

Aliuliza kwa wema kabisa, akidhani nimesahau. Kwaya yote ilisikia.

Watu walipotawanyika, nilimbeba jogoo peke yangu kumrudisha nyumbani kwa katekista, nikabisha hodi.