Mama Asipunguzwe

Juzi nilimwona karani wa benki akibana vitufe viwili pamoja bila kuvitazama, nikarudi utotoni, Singida mjini, katika ofisi ambamo Mama alikuwa mpiga chapa. Upepo uliingia dirishani na vumbi na harufu ya mashudu ya alizeti.

Kompyuta ilikuwa imeletwa, na asiyeimudu upesi angepunguzwa. Leo najua watu wengi walipoteza kazi kwa neno hilo. Wakati ule nililijua kwa fundi cherehani tu: gauni likikuzidi, linapunguzwa. Nilimkagua Mama, mwembamba vile, nisione pa kukata.

Vidole vyake, ambavyo kwenye taipureta vilinyesha kama mvua juu ya bati, sasa vilisita kila mara, mkono ukikifuata kipanya.

"Dada, huyo panya atakufukuzisha kazi," alisema Tabu, msichana aliyetoka kusomea kompyuta Dodoma. "Mikono ibaki hapahapa. Bana Kontroli, gusa B."

Mama akabana, akagusa. Maneno ya kichwa cha barua yakanenepa palepale.

"Anti Tabu," nikasema, "mnenepeshe na Mama, ili wakimpunguza abaki kidogo."

Tabu alicheka hadi akashika meza. Mama hakucheka. Alinipakata, akaendelea kuandika, mikono yake ikinizunguka pande zote mbili, na mpaka barua ilipokwisha haikuinuka tena kwenye vitufe.